Mbongeni Ngema: Mtunzi wa Sarafina! na amana ya wimbo

Ndugu msomaji, huenda jina la Mbongeni Ngema halikwambii kitu. Lakini kama ulikuwa mwanafunzi hapa Pwani miaka ya tisini, kazi yake unaijua. Uliiona Sarafina! kwenye video ya mtaani, au uliimba nyimbo zake shuleni bila kujua zimetungwa na nani.

Mimi niliiona mara ya kwanza mwaka 1994, Likoni, katika nyumba ya video yenye mabenchi ya mbao na pazia jeusi mlangoni. Tulikuwa tumezoea filamu za Kihindi na za kareti. Siku hiyo tuliwaona watoto weusi wa rika letu, wamevaa sare za shule kama sisi, wakiimba mbele ya bunduki. Tulipotoka hakuna aliyekwenda kwao moja kwa moja. Tulikaa ufuoni mpaka magharibi, tukijaribu kuzikumbuka nyimbo ambazo maneno yake mengi yalikuwa ya Kizulu na hatukuyafahamu.

Ngema alifariki tarehe 27 Disemba 2023 kwa ajali ya gari nchini kwao Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 68. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Nimeona ni vyema msomaji wa Pwani apate habari za maisha yake kwa Kiswahili, mema yake na makosa yake. Ninayo pia sababu yangu mwenyewe ya kuandika, nayo nitaieleza mwishoni kwa kuwa inatuhusu sisi.

Mtoto wa Verulam

Ngema alizaliwa mwaka 1955 huko Verulam, mji ulio kaskazini mwa Durban, katika mkoa uliokuwa ukiitwa Natal na ambao leo ni KwaZulu-Natal. Ni nchi ya Wazulu, na pia ni nchi ya mashamba ya miwa. Kwa ajili ya miwa hiyo, Waingereza walianza kuleta vibarua kutoka India mwaka 1860, na vizazi vyao vipo mpaka leo. Verulam yenyewe ina Wahindi wengi. Jambo hili tuliweke akilini, tutalirudia.

Alipozaliwa, sera ya ubaguzi wa rangi ilikuwa na miaka saba tangu chama cha makaburu kishike serikali mwaka 1948. Sheria iliamua mtu akae wapi, afanye kazi gani, apande basi lipi na aoe nani. Sheria ya elimu ya mwaka 1953 iliwawekea watoto wa Kiafrika elimu ya chini kwa makusudi, ili wakikua wawe vibarua na watumishi wa nyumbani. Ngema ni mtoto wa sheria hiyo, na kazi yake kubwa kuliko zote ilikuja kuwa jibu kwake.

Aliingia kwenye sanaa kupitia gita. Kazi yake ya kwanza katika michezo ya kuigiza ilikuwa kupiga gita nyuma ya waigizaji. Kutoka hapo akaanza kuigiza, kisha akaanza kuandika. Mwishoni mwa miaka ya sabini alijiunga na kundi la Gibson Kente wa Soweto, mzee ambaye Waafrika Kusini wengi humwita baba wa tamthilia za vitongojini.

Inafaa tumweleze Kente kidogo, kwani bila yeye hakuna Ngema. Kente alitunga hadithi, akatunga nyimbo, akawafunza waigizaji, kisha akawapakia kwenye basi na kuzunguka nao kwenye kumbi za vitongoji vya Waafrika. Hakuwa na ruzuku ya serikali. Watu walilipa kiingilio kwa sababu walijiona wenyewe jukwaani: mchungaji, mlevi, polisi, mama anayemsubiri mwanawe. Muziki haukuwa pambo la mchezo, ulikuwa nusu ya hadithi. Kwa Kente ndipo Ngema alipojifunza kwamba mtunzi mmoja anaweza kuandika maneno, kutia mahadhi na kuwaelekeza waigizaji, yote kwa mkono wake.

Watu wawili na jukwaa tupu

Katika kundi la Kente alikutana na mwigizaji mwenzake, Percy Mtwa. Wakiwa safarini wakawa wanajadiliana: je, Yesu akirudi duniani, na akateremkia Afrika Kusini ya ubaguzi, itakuwaje? Sisi Waislamu nasi tunaamini kurudi kwake Nabii Isa, hivyo swali hilo hata barazani kwetu lingewafanya watu wanyamaze wasikilize.

Wawili hao wakaacha kazi kwa Kente wakaanza kutengeneza mchezo wao. Baadaye wakamwendea mwelekezi Barney Simon wa Market Theatre, Johannesburg. Mchezo ukaitwa Woza Albert!, maana yake "Inuka, Albert". Albert huyo ni Albert Luthuli, kiongozi wa ANC aliyepata tuzo ya Nobel ya amani na kufariki mwaka 1967. Ulifunguliwa mwaka 1981.

Jukwaani walikuwa watu wawili tu, na vifaa vichache vya kuokoteza. Walicheza nafasi zote: kinyozi wa njiani, muuza nyama, ajuza anayeokota chakula jaani, askari wa kizungu. Serikali katika mchezo huo inamfurahia Yesu mwanzoni, inadhani amekuja kuibariki. Anapoanza kusema kweli inamfunga. Mwisho anakwenda makaburini kuwafufua mashujaa waliokufa, na Luthuli ni mmoja wao. Mchezo ulizunguka Afrika Kusini, Ulaya na Marekani, na jina la Ngema likajulikana nje ya nchi yake.

Kuhusu ukumbi huo wa Market Theatre kuna jambo la kufahamu. Ulifunguliwa mwaka 1976 ndani ya jengo ambalo zamani lilikuwa soko la matunda la Wahindi. Wakati ambapo sheria ilitenga watu kwa rangi kila mahali, pale weusi na weupe waliigiza pamoja na kutazama pamoja. Ngema alipanda ngazi yake ya kwanza kubwa katika jengo hilo.

Hatuna pesa

Baada ya hapo alianzisha kundi lake mwenyewe, Committed Artists, la kuwafunza vijana wa vitongojini ambao hakuna chuo ambacho kingewachukua. Kazi kubwa ya kwanza ya kundi hilo ilikuwa Asinamali!, neno la Kizulu lenye maana ya "hatuna pesa". Sikio la Mswahili linalikamata haraka, kwani ndani yake mna mali. Hicho kilikuwa kilio cha wakaazi wa Lamontville, kitongoji cha Durban, walipogomea kupandishiwa kodi ya nyumba mwaka 1983. Mmoja wa viongozi wao, Msizi Dube, aliuawa mwaka huo huo.

Mchezo una wanaume watano gerezani. Kila mmoja anaeleza kilichomfikisha pale, na wote wanaimba na kucheza kama mwili mmoja. Mwaka 1987 ulifika Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za New York, na Ngema akateuliwa kuwania tuzo ya Tony kama mwelekezi. Tony ndiyo tuzo kubwa ya michezo ya jukwaani nchini Marekani.

Namna Sarafina! ilivyoundwa

Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ya makaburu. Polisi waliwapiga risasi. Shule ya Morris Isaacson ilikuwa katikati ya maandamano hayo. Miaka kumi baadaye nchi ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari, na watoto walikuwa wakikamatwa na kuwekwa ndani bila kesi.

Ngema alikuwa akisema kwamba wazo la mchezo lilimjia baada ya kuzungumza na Winnie Mandela kuhusu mateso ya watoto hao. Akaamua kuandika mchezo ambao mashujaa wake ni wanafunzi wa Morris Isaacson. Aliandika hadithi, akatunga nyimbo nyingi na kuelekeza. Nyimbo nyingine zilitoka kwa mpiga tarumbeta mashuhuri Hugh Masekela, aliyekuwa uhamishoni tangu mwaka 1960.

Waigizaji walikuwa vijana zaidi ya ishirini, wengi wao hawajawahi kupanda jukwaa la maana. Ngema aliwatafuta vitongojini, akawaweka pamoja na kuwafunza kwa miezi: sauti, pumzi, ngoma, namna ya kusimama. Nafasi ya Sarafina alimpa Leleti Khumalo, msichana wa KwaMashu karibu na Durban aliyezaliwa mwaka 1970. Baadaye Ngema alimwoa, na ndoa hiyo ikaja kuvunjika.

Hadithi yenyewe ni nyepesi kueleza. Wanafunzi wako darasani na mwalimu wao anayewafundisha historia ambayo haimo kwenye mtaala. Askari wanaingia. Wanafunzi wanazika wenzao. Sarafina anakamatwa na kuteswa. Wenzake wanaandaa tamasha la shule, na katika tamasha hilo wanaigiza siku ambayo Nelson Mandela ataachiliwa huru. Sarafina ndiye anayevaa mavazi ya Mandela.

Tukumbuke kwamba mchezo ulifunguliwa Johannesburg mwaka 1987. Mandela alikuwa bado gerezani, na kumnukuu au kuchapisha picha yake ilikuwa hatari. Alitoka tarehe 11 Februari 1990. Watoto wale walikuwa wakiigiza kila usiku jambo ambalo lingetokea miaka mitatu baadaye, mbele ya watu ambao hawakuwa na hakika kama wangeliona.

Muziki ulikuwa mbaqanga, muziki wa vitongojini wenye gita la kukimbia na besi nzito, ukichanganywa na uimbaji wa kwaya ambao Waafrika Kusini wanaujua tangu utotoni. Ngema alifanya jambo ambalo mtunzi yeyote wa taarabu atalitambua. Alitumia mahadhi ya furaha kubebea maneno mazito. Mtu anaanza kutikisa kichwa kabla hajajua anaimbiwa nini, na akija kujua, wimbo umeshamwingia. Freedom Is Coming Tomorrow, ule ambao sisi tuliuimba bila kujua umetoka wapi, una mahadhi ya harusi, lakini ndani ya hadithi unaimbwa na watoto wanaojua kuwa kesho huenda wasiione.

Broadway

Kutoka Johannesburg mchezo ulikwenda ukumbi wa Lincoln Center, New York, mwaka huo huo wa 1987. Tarehe 28 Januari 1988 ukahamia Broadway katika ukumbi wa Cort. Ulionyeshwa mara 597 mpaka ulipofungwa tarehe 2 Julai 1989.

Uliteuliwa kuwania tuzo tano za Tony: tamthilia bora ya muziki, muziki bora, uelekezi, uchezaji ngoma, na nafasi ya msaidizi ya kike kwa Leleti Khumalo. Haukushinda hata moja. Mwaka huo tuzo ya tamthilia bora ilichukuliwa na The Phantom of the Opera ya Mwingereza Andrew Lloyd Webber, na ya muziki ikachukuliwa na Stephen Sondheim wa Marekani kwa Into the Woods. Hao ndio waliokuwa vigogo wa kazi hii duniani. Kijana wa Verulam aliyeanza kwa kupiga gita nyuma ya waigizaji alikaa nao safu moja, na waimbaji wake walikuwa watoto wa vitongojini.

Mwaka 1992 ikatoka filamu, iliyoelekezwa na Darrell James Roodt. Leleti Khumalo alibaki kuwa Sarafina, Whoopi Goldberg akawa mwalimu, na Miriam Makeba akawa mama yake Sarafina anayefanya kazi ya ndani kwa wazungu. Hiyo ndiyo kanda iliyotufikia Likoni.

Pesa za serikali

Mandela alipokuwa rais, wizara ya afya ya nchi hiyo ilitaka kuwafundisha vijana kuhusu Ukimwi kwa njia ya mchezo. Mwaka 1995 Ngema alipewa kazi ya kutengeneza Sarafina II kwa mkataba wa zaidi ya randi milioni 14. Zilikuwa pesa nyingi mno kwa mchezo wa jukwaani, na watu wakaanza kuuliza maswali. Afisi ya mtetezi wa umma ilichunguza, na ripoti yake ya mwaka 1996 ilisema utaratibu wa zabuni haukufuatwa sawasawa. Wanaharakati wa Ukimwi nao walilalamika kwamba hata ujumbe wenyewe kuhusu ugonjwa haukueleweka vyema. Mradi ukasimamishwa.

Lawama kubwa iliwaangukia waliotoa mkataba, na ni haki. Lakini jina la Sarafina, lililokuwa likimaanisha ujasiri wa watoto, likawa jina la kashfa magazetini. Kente alizunguka na basi na kiingilio cha mlangoni, na watu ndio waliokuwa wakaguzi wake. Mchezo usiopendeza haukulipwa. Mwanafunzi wake alipopata fungu la serikali, mkaguzi huyo hakuwepo tena.

Wimbo wa 2002

Sasa turudi kwa lile jambo nililoomba tuliweke akilini. Mwaka 2002 Ngema alitoa wimbo wa Kizulu uitwao AmaNdiya, yaani "Wahindi". Katika wimbo huo aliwalaumu Wahindi wa Natal kuwa wanawanyonya na kuwadharau Waafrika, na akawaita Wazulu watokee wanaume wa kuwakabili. Wengi walishtuka. Tume inayosikiliza malalamiko ya utangazaji iliamua kwamba wimbo huo ni wa chuki na haufai kupigwa redioni. Mandela mwenyewe alimtaka Ngema aombe radhi. Ngema alijitetea kwamba alitaka kufungua mazungumzo juu ya jambo ambalo watu walikuwa wakilinong'ona.

Tumtendee haki. Malalamiko aliyoyataja hayakuwa ya kubuni yote. Mfanyakazi wa duka anayelipwa kidogo na kutukanwa na tajiri wake yupo Durban, na yupo Mombasa pia. Sera ya ubaguzi iliwapanga watu kwa ngazi, mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, ili wa katikati na wa chini watazamane kwa jicho baya. Kulisema hilo si kosa.

Kosa ni kwamba wimbo haukumtaja tajiri dhalimu wala sheria iliyomlinda. Ulitaja kabila. Muuza duka mnyanyasaji, mwanamke anayeuza mboga sokoni Verulam, na mtoto aliyezaliwa jana, wote wakawekwa kapu moja. Na Natal si mahali pa kuchezea moto huo. Januari 1949 zilizuka ghasia kati ya Waafrika na Wahindi mjini Durban, na kwa hesabu rasmi watu 142 wakafa, weusi kwa Wahindi. Wazee walioyaona walikuwa bado hai mwaka 2002.

Ngema alijua pia upande mwingine wa historia hiyo. Alijua kwamba mwaka 1947 viongozi wa Kiafrika na wa Kihindi walitia saini mkataba wa kushirikiana dhidi ya ubaguzi. Alijua kwamba Ahmed Kathrada, mtoto wa Kiislamu wa asili ya Kihindi, alihukumiwa kifungo cha maisha pamoja na Mandela mwaka 1964, akatoka mwaka 1989. Na alijua soko la matunda la nani liligeuzwa ukumbi uliomlea.

Nimeyasikiliza maisha ya mtu huyu kwa muda mrefu, na tofauti ninayoiona ni hii. Katika Sarafina! watoto wanaimba dhidi ya sheria, bunduki na woga. Mtu yeyote anaweza kujiunga na kiitikio, hata mzungu aliyekaa New York. Katika AmaNdiya, kabla hujaimba, lazima kwanza uangalie jirani yako amezaliwa na nani. Kipaji ni kile kile, na mahadhi yanavutia vile vile. Ndiyo maana hatari ilikuwa kubwa. Angekuwa mtunzi hafifu, hakuna ambaye angeusikiliza.

Likoni, 1997

Nilisema nitaeleza kwa nini ninaandika.

Mwaka 1995 shule yetu ilitayarisha mchezo mfupi wa siku ya wazazi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alichukua mahadhi ya wimbo mmoja wa Sarafina! akatutungia maneno ya Kiswahili kuhusu elimu. Aliyeongoza sauti alikuwa kijana ambaye wazazi wake walitoka bara. Alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kilikuwa chetu, na hakuna aliyemfikia kwa sauti. Siku hiyo kina mama walipiga vigelegele mpaka akashindwa kuendelea kwa kucheka.

Miaka miwili baadaye, miezi kabla ya uchaguzi mkuu, maneno yakaanza kuenea mitaani kwamba wabara wamechukua kazi zetu na ardhi yetu, warudi kwao. Malalamiko ya ardhi Pwani ni ya kweli, na mpaka leo hayajatatuliwa. Lakini maneno yale hayakuwataja waliogawa ardhi. Yalimtaja jirani. Jioni moja maskani, kijana mmoja akayachukua mahadhi yale yale ya siku ya wazazi akayatilia maneno mapya, ya kuwafukuza. Yalikuwa na vina vizuri. Tulicheka. Nami niliitikia.

Usiku wa 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi na raia wakauawa, nyumba na vibanda vikachomwa, na maelfu ya watu wakakimbia. Baada ya siku mbili tatu nilimwona kijana yule na mamake wakielekea kivukoni na godoro, masufuria na mkoba wa vitabu vyake. Alinitazama. Sijui kama alikuwa amesikia tulichokuwa tukiimba. Maskani yetu haikuwa mbali na kwao.

Wimbo wetu haukuchoma nyumba. Waliochoma walikuwa na silaha na walikuwa na waliowatuma. Lakini ulitusaidia sisi wengine kutotoka nje kumsaidia mtu kubeba godoro.

Mwaka uliofuata nilikwenda kuomba kitambulisho katika afisi moja ya serikali. Karani alisoma jina langu, akaniuliza babu yangu alitoka nchi gani, na kama nina karatasi za kuthibitisha. Msomaji wa Pwani anaijua hali hiyo. Nilirudi nyumbani na hasira, na nikiwa njiani kivukoni ndipo nilipomkumbuka yule kijana na godoro lake. Swali nililoulizwa mimi kwa karatasi, yeye tulimwuliza kwa wimbo.

Nini tubaki nacho

Disemba 2023 Ngema alikuwa akirudi kutoka mazishini Lusikisiki, katika mkoa wa Eastern Cape, ndipo gari alimokuwa abiria likagongana na jingine. Aliacha kazi ambazo zitaendelea kuchezwa. Vijana aliowaokota vitongojini wamekuwa waigizaji na walimu wa wengine. Hilo ni jambo la kumshukuru.

Sisi hapa tunao watunzi. Tuna waandishi wa michezo ya tamasha za shule, waimbaji wa taarabu, na kila uchaguzi ukikaribia tuna vijana wanaolipwa kutunga nyimbo za wanasiasa. Kwao ninasema haya machache. Mwalimu mwenye kundi la wanafunzi wasio na vifaa asikate tamaa, kwani Woza Albert! ilifanywa na watu wawili, na Sarafina! na watoto ambao hakuna aliyewajua. Dhuluma yetu ya ardhi, ya vitambulisho na ya ajira iimbwe, tena kwa sauti kubwa. Lakini kabla ya kutoa wimbo, mtunzi ajiulize anayelaumiwa ndani yake ni nani: ni aliyetenda, au ni yeyote aliyezaliwa upande ule? Kipaji ni amana, na mwenye amana ataulizwa aliipeleka wapi.

Ngema aliambiwa na Mandela aombe radhi. Mimi sikuambiwa na mtu, na imenichukua zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kwa hivyo, ndugu yangu uliyekuwa ukituongoza sauti siku ya wazazi mwaka 1995, ikiwa maandishi haya yatakufikia popote ulipo: niliitikia wimbo ule, na nilikuona ukibeba godoro nikabaki nimesimama. Naomba radhi.

Wasalaam.